Barua mbili mezani pa Spika: kisa cha wakili aliyekataa kuchagua

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha kweli na kilitokea Kenya. Nimeondoa majina ya watu, jimbo alikotoka mhusika na vyama vilivyovutana. Najua sijaficha mengi: Mkenya aliyekuwa na redio Aprili 2009 atamtambua huyu bwana kabla hajafika nusu ya ukurasa. Sababu yangu ni nyingine. Katika siasa zetu jina likishatajwa, msomaji huiacha hoja akaanza kuuliza mtu ni wa wapi na anakula na nani. Hapa nataka tumtazame wakili akiwa kitini, tuone alivyotumia vifaa vya kazi yake ya zamani.

Nimewaandikia hasa mawakili vijana wanaopiga hesabu za kuingia siasa, na makarani wa mabunge ya kaunti, wale wanaokaa mbele ya kiti cha Spika na kumnong'oneza kanuni wakati ukumbi umechafuka.

Usuli: njia ya kutoka kortini

Mhusika alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaapishwa kuwa wakili, akaifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kugombea ubunge. Muda huo una uzito wake. Wako wanaoingia siasa joho likiwa bado linanuka duka, na hao hutoka kortini na ufasaha wa kusema basi. Anayekaa zaidi hujifunza mambo ambayo hayapigiwi makofi jukwaani: kusoma jalada lote kabla ya kufungua mdomo, kumwambia mteja usoni kwamba kesi yake ni mbovu, kujua kwamba kuahirisha kesi mara nyingine ndiko kuiokoa.

Alichaguliwa mbunge wa jimbo moja la magharibi mwa nchi Desemba 2002, katika wimbi lililoking'oa chama cha KANU baada ya miaka 39 madarakani. Akakitetea kiti chake katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Kilichofuata kila mtu wa Afrika Mashariki anakikumbuka. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, Rais akaapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo, na nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakahama makwao.

Katikati ya moto huo, tarehe 15 Januari 2008, Bunge jipya likakutana kumchagua Spika. Hakuna aliyeamini kwamba ile ilikuwa shughuli ya kawaida ya kikanuni. Upinzani ulikuwa umezoa viti 99, chama cha Rais 43, na vyama vidogo ndivyo vilivyokuwa vitu vya kupigiwa hesabu. Kila upande uliiona kura ya Spika kama marudio ya uchaguzi wa urais, safari hii mbele ya macho ya watu. Wabunge walibishana kwa saa nyingi na karani aliyeongoza kikao kuhusu usiri wa kura. Wengine wakaonyeshana karatasi zao waziwazi kabla ya kuzitumbukiza.

Mpinzani wa mhusika wetu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Spika tangu 1993, naye mwanasheria, akiijua kanuni kama mvuvi ajuavyo bandari yake. Raundi mbili za kwanza hakuna aliyefikisha theluthi mbili. Raundi ya tatu, ambapo wingi wa kawaida ulitosha, mhusika, aliyekuwa mgombea wa upinzani, alipata kura 105 dhidi ya 101.

Kura nne. Msomaji aziweke akilini, maana kila alichokiamua baadaye kilipimwa kwazo.

Kwa kuchaguliwa hivyo alipoteza ubunge. Katiba ya wakati ule haikumruhusu Spika kuwa mbunge wa jimbo, kwa hiyo kiti alichokitetea wiki tatu tu kabla kikatangazwa wazi. Watu husahau hesabu hii. Wakili aliyekwisha kuacha mteja wake wa kila siku kwa ajili ya siasa, sasa aliacha pia wapiga kura wake kwa ajili ya kiti kisicho na mwenye nacho.

Serikali ya nusu mkate

Usuluhishi ulioongozwa na Kofi Annan ulizaa mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na Bunge likaupitisha kuwa sheria mwezi Machi. Ukaundwa wadhifa wa Waziri Mkuu mwenye mamlaka ya kuratibu na kusimamia utekelezaji wa kazi za serikali. Kiongozi wa upinzani akaapishwa kuwa Waziri Mkuu Aprili. Wananchi wakaipa serikali hiyo jina lake halisi: nusu mkate.

Mkataba ulieleza mkate ugawanywe. Haukueleza nani ashike kisu katika kila chumba cha nyumba, na chumba kimoja kilichosahauliwa kilikuwa Bunge. Kabla ya muungano, serikali ilikuwa na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, na kazi hiyo alikuwa ameifanya Makamu wa Rais. Sasa chama cha Waziri Mkuu kikauliza: kama Waziri Mkuu ndiye mratibu wa serikali, mratibu gani huyu asiyeratibu shughuli za serikali mahali zinapopitishwa?

Msomaji wa Tanzania huenda akashangaa ugomvi huu. Kwao Katiba yenyewe, ibara ya 52, inamtaja Waziri Mkuu kuwa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, na mjadala hauanzi kabisa. Kenya ilikuwa imepandikiza Waziri Mkuu juu ya mti usiokuwa na tawi lake.

Mwanzoni mwa Aprili 2009 vinara wawili, Rais na Waziri Mkuu, walikwenda Kilaguni, Tsavo, kurekebisha mambo ya ndani ya muungano. Mkutano ukavunjika hata kabla ya kukubaliana wajadili nini. Siku chache baadaye waziri wa sheria akajiuzulu. Bunge lilikuwa karibu kufunguliwa.

Mfuatano wa matukio

Bunge lilifunguliwa wiki ya tatu ya Aprili likiwa na Kanuni za Kudumu mpya, zilizopitishwa Desemba iliyotangulia. Kanuni hizo zilitaka iundwe Kamati ya Shughuli za Bunge. Jina la kamati halisisimui, lakini ndiyo inayoamua hoja ipi iletwe Jumanne, mswada upi usubiri, nani apewe saa ngapi. Isipokuwapo, Bunge ni ukumbi wenye viti vizuri. Na mwenyekiti wake, kwa kanuni zile, alitakiwa kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali.

Mezani pa Spika zikafika barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa Rais, ikimtaja Makamu wa Rais kuwa kiongozi huyo. Ya pili ilitoka kwa Waziri Mkuu, ikimtaja Waziri Mkuu.

Serikali moja, barua mbili.

Ukumbini hoja za nidhamu zilifuatana kama mvua ya masika. Upande wa Rais ulisema jambo ni jepesi: Rais ndiye mkuu wa serikali, amekwisha sema, Spika asome jina tukafanye kazi. Upande wa Waziri Mkuu ulisema jambo ni jepesi vilevile: mkataba uko ndani ya Katiba, unataka mashauriano, na uteuzi wa upande mmoja haukushauriwa na mtu. Ukisikia kila upande unasema jambo ni jepesi, jua kwamba ni zito.

Spika hakujibu papo hapo. Aliwaacha waseme, akachukua muda, akarudi Jumanne, tarehe 28 Aprili 2009, na uamuzi ulioandikwa. Aliusoma kwa muda mrefu, na nje ya ukumbi nchi ilikuwa imetega masikio.

Uamuzi na sababu zake

Uamuzi ulikuwa na sehemu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu ya kwanza imesifiwa sana na ya pili imechunguzwa kidogo.

Sehemu ya kwanza: hakukubali barua yoyote. Msingi wake, kwa maneno yangu, ulikuwa kwamba Bunge linapokea jina kutoka kwa serikali, na serikali ni moja. Mkataba uliouunda muungano unadai mashauriano baina ya vinara. Barua mbili zinazopingana ni ushahidi kwamba mashauriano hayakufanyika au hayakukamilika. Kwa hiyo mbele yake hakukuwa na uteuzi wa serikali. Akawarudishia vinara kazi yao: nendeni mkashauriane, mlete jina moja.

Sehemu ya pili: Bunge halingesimama likisubiri. Kamati iundwe, iketi, ipange shughuli, na kwa muda huo mwenyekiti awe Spika mwenyewe.

Magazeti yakamfananisha na Nabii Suleiman. Mfano unapendeza lakini unapotosha kidogo. Suleiman alipendekeza mtoto akatwe ili ajulikane mama wa kweli, na mwisho akampa mmoja. Huyu hakumpa mtu mtoto. Alimchukua akamlea mwenyewe.

Kwa nini aliamua hivyo? Ya moyoni mwake siwezi kuyasema. Tunachoweza kusoma ni mazingira. Angemkubali Waziri Mkuu, nusu ya ukumbi ingesema analipa deni la zile kura 105. Angemkubali Makamu wa Rais, waliompigia wangemwita msaliti, na, lililo zito zaidi, angekuwa amesema kutoka kitini kwamba mkataba uliozima moto ni karatasi tu. Ilikuwa imepita miezi 14 tangu mkataba utiwe saini. Bado kulikuwa na watu wanaolala kwenye mahema. Uamuzi wa kanuni za Bunge ungeweza kusikika Eldoret na Kisumu kama tangazo la nani ameshinda.

Angeweza pia kuiweka hoja mbele ya wabunge wapige kura. Wengi wape, ndivyo tunavyosema. Lakini kura hiyo ingerudisha ile ya Januari 2008, na safari hii ndani ya serikali ileile. Wakili mzoefu hulijua jambo hili: si kila ubishi unafaa kusikilizwa na baraza la watu wenye hasira.

Matokeo

Bunge lilifanya kazi. Kamati ikaketi, bajeti ikasomwa Juni kama kawaida, miswada ikaendelea. Tarehe 1 Aprili 2010 Bunge hilohilo lilipitisha rasimu ya Katiba mpya. Wabunge walileta mapendekezo zaidi ya 150 ya kuirekebisha, na hakuna hata moja lililofikisha kura 145 zilizohitajika. Rasimu ikaenda kwenye kura ya maoni tarehe 4 Agosti ikiwa kama ilivyoingia. Katiba ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huo.

Na lile jina moja? Wiki zilipita, ikapita miezi, kisha mwaka, naye Spika bado yuko kwenye kiti cha kamati. Cha muda kikawa cha kudumu. Vinara hawakuwa na haraka, kwa sababu hakuna aliyeumia kwa kuchelewa.

Kisha likaja jaribio la pili, na bila hilo kisa hiki kingekuwa nusu. Tarehe 28 Januari 2011 Rais alitangaza majina ya waliopendekezwa kuwa Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti. Waziri Mkuu akasema hakushauriwa ipasavyo. Tume ya Huduma za Mahakama ikalalamika kwamba haikupewa nafasi yake. Tarehe 3 Februari Mahakama Kuu ikasema uteuzi ulikwenda kinyume cha Katiba. Ubishi ukarudi bungeni, wabunge wakagawanyika kwa mistari ileile ya 2009, na macho yote yakamgeukia mtu yuleyule.

Tarehe 17 Februari akasoma uamuzi. Safari hii hakushika njia ya katikati: uteuzi haukufuata Katiba, na Bunge haliwezi kuendelea nao. Siku tano baadaye Rais aliyaondoa majina. Nafasi ya Jaji Mkuu ikatangazwa, waombaji wakahojiwa hadharani, na Juni mwaka huo nchi ikapata Jaji Mkuu aliyepatikana kwa njia hiyo.

Uchambuzi: kilichofaulu

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni udogo wa swali alilojiuliza. Nchi nzima ilikuwa inauliza: nani mkubwa kati ya wawili hawa? Swali hilo lilikuwa limeua watu. Spika aliuliza: je, nina jina kutoka kwa serikali? Hilo lina jibu, na jibu halihitaji kupima mtu. Hakimu mzuri hufanya hivyo kila siku. Anayedai shamba na anayedai heshima ya ukoo huletwa pamoja kwenye faili moja, naye huamua mpaka ulipo, akaiacha heshima ya ukoo mlangoni. Mwanasiasa asiyepitia kortini huona aibu kujibu swali dogo. Huhisi umati unamngoja aseme neno kubwa.

La pili ni sababu zilizoandikwa na kusomwa. Ukumbi wa Bunge una desturi ya Spika kusema «nimeamua» na kugonga meza. Sauti ya kiti inatosha kikanuni. Lakini kwa Spika aliyepita kwa kura nne, sauti peke yake isingetosha kisiasa. Alipoeleza hatua kwa hatua, hata aliyechukia matokeo alilazimika kubishana na hoja. Nimewahi kuwasomesha vijana uamuzi ule na kuwaambia watafute mahali anapomlaumu mtu kwa jina la nia yake. Hawapati kitu. Anazungumza kuhusu barua, sheria na kanuni, na waandishi wa barua anawaachia heshima zao. Walioshindwa waliweza kutoka nje wakasema hawakushindwa. Huo ni ufundi.

Muda aliouchukua nao ulikuwa sehemu ya kazi. Wapo waliouita woga. Lakini mtu anayetoa uamuzi hoja zikiwa bado moto huonekana alikuwa nao mfukoni tangu asubuhi.

Na tusiache 2011 ipite hivi hivi. Watu wengi husoma maamuzi mawili kama tabia moja ya ujasiri. Mimi naona tofauti, na tofauti ndiyo yenye somo kwa wakili. Mwaka 2009 maandishi yalikuwa na pengo: sheria haikusema nani aongoze shughuli za serikali ya muungano, na pengo huzibwa kwa tahadhari. Mwaka 2011 maandishi yalikuwapo, mapya kabisa, na mahakama ilikuwa imekwisha kuyasoma. Kuwaambia vinara tena «nendeni mkashauriane» wakati Katiba imesema mashauriano yatangulie uteuzi kungekuwa kukwepa kazi. Mtu yuleyule, kiti kilekile, na dawa tofauti kwa sababu ugonjwa ulikuwa tofauti. Anayetaka kujua kama Spika ni mwanasheria au ni mwenye bahati, aangalie kama anaweza kubadili dawa.

Uchambuzi: kilichokwama

Sasa ile sehemu ya pili ya uamuzi wa 2009, ambayo wasifu wa mhusika huipita mbio.

Kukalia kiti cha kamati mwenyewe kulikuwa, kwa lugha ya korti, amri ya muda. Mali inayogombewa isiuzwe, hali ibaki ilivyo, shamba liendelee kulimwa hadi kesi isikilizwe. Ni kifaa kizuri sana. Lakini kila wakili wa Nairobi anajua amri ya muda hutolewa pamoja na tarehe ya kesi kutajwa tena. Bila tarehe, aliyefaidika na amri hulala usingizi. Hapa hakukuwa na gharama yoyote kwa vinara kutoleta jina. Rais hakupoteza kitu: mpinzani wake hakukaa kitini. Waziri Mkuu hakupoteza kitu: mpinzani wake hakukaa kitini. Aliyebeba mzigo ni Spika.

Na mzigo huo ulikuwa wa aina mbaya. Spika ni mwamuzi wa mchezo. Mwenyekiti wa kamati ya shughuli hupanga mechi. Mtu mmoja akifanya yote mawili, mbunge ambaye hoja yake imewekwa mwisho wa wiki amlalamikie nani? Atasimama kwa hoja ya nidhamu mbele ya yuleyule aliyeipanga. Hata kama mhusika alipanga kwa haki, na sina sababu ya kusema vingine, muundo ulikuwa umeondoa mlango wa kukata rufaa. Mawakili ni wepesi kuona mgongano wa maslahi kwa mwingine. Wakiwa wao ndio suluhisho, jicho hufifia.

Kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana haraka. Serikali isiyokuwa na kiongozi wa shughuli zake bungeni haina wa kuulizwa. Waziri asipokuja kujibu maswali, mswada wa serikali ukikwama, nani aitwe? Kila upande uliweza kunyooshea kidole mwenzake, na kweli ulinyoosha. Amani ilipatikana kwa kuifuta anwani ya lawama.

Je, kulikuwa na njia bora? Naona ingekuwapo moja ndogo: kuiweka kamati chini ya Spika kwa muda uliotajwa, tuseme siku 30 za vikao, na baada ya hapo kamati yenyewe ichague mwenyekiti miongoni mwa wajumbe wake. Makali hayo yangewafanya vinara waogope kupoteza kiti kwa mtu wasiyemjua, na hofu ya namna hiyo huleta watu mezani haraka kuliko mahubiri. Lakini naandika haya nikiwa nimeketi, hakuna anayenipigia kelele, na ninajua yaliyofuata. Yeye alisimama siku ile bila kujua kama muungano ungefika Jumatano.

Kuna waliopinga hata sehemu ya kwanza, wakisema Spika hana kazi ya kutafsiri Katiba. Kazi yake ni kanuni, Katiba ni ya mahakama. Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyopewa. Ilipofika 2011 mahakama ilikuwa imetangulia, kwa hiyo Spika alikuwa amesimama juu ya jiwe. Mwaka 2009 alisimama peke yake. Jibu langu ni kwamba Spika aliyepewa barua mbili hawezi kukwepa kutafsiri. Hata kusoma moja kwa sauti na kuiweka nyingine kwenye mtoto wa meza ni tafsiri.

Njia yenyewe, kwa wanaoitamani

Vijana huniuliza kama uwakili ndiyo njia ya kufika kwenye uongozi wa Bunge. Idadi ya Maspika wanasheria katika eneo letu inaweza kumshawishi mtu kwamba ndivyo. Lakini angalia bei katika kisa hiki. Aliacha ofisi, akaacha jimbo, akakalia kiti ambacho kila uamuzi mzuri huwaudhi nusu ya waliokuweka. Mteja humlipa wakili anayeshinda. Spika hana mteja, na anayemtafuta mteja akiwa kitini amekwisha kazi.

Mwaka 2013, muhula wake ulipokwisha, aligombea useneta katika kaunti ya nyumbani. Akashindwa. Wapiga kura hawakuwa na ubaya naye, nadhani. Kwa miaka mitano alikuwa hajawachimbia kisima wala kuwatetea kwa sauti katika ukumbi, kwa sababu kiti kilimkataza. Sifa za uamuzi wa haki hazina kituo cha kupigia kura.

Bunge lililoingia mwaka huo liliketi chini ya Katiba mpya. Mawaziri walikuwa wametolewa ukumbini. Wadhifa wa Kiongozi wa Shughuli za Serikali haukuwapo tena, nafasi yake ikachukuliwa na kiongozi wa chama cha walio wengi na kiongozi wa chama cha walio wachache, wote wawili wakitajwa katika ibara ya 108, kwa hiyo hakuna tena anayeandika barua. Na ukizifungua Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa mahali zinapoiunda Kamati ya Shughuli za Bunge, utakuta mwenyekiti ametajwa katika mstari wa kwanza kabisa. Ni Spika. Karani mgeni anayezisoma leo hawezi kujua kwamba mstari huo ulianza kama jambo la siku chache.